Wa Kushika Tochi

Basini, fundi mzee alikuwa amepakata bamba zito la injini ya rota, ile isiyo na pistoni. Dada wa kiti cha pembeni yake, ovaroli imejaa grisi, alishindwa kunyamaza. "Mzee, matundu ya hewa umeyaziba kwa gundi ya chuma? Injini ikichemka gundi itatoka!"

"Haitoki ng'o. Nimechonga mengine makubwa. Hebu mulika tochi ya simu yako huku nyuma nione kama mwanga unapenya kwenye gundi. Zamani alikuwa akinishikia marehemu mke wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Dada akamulika, huku bado anabisha. Mwanga haukupenya hata chembe. "Lakini mzee, si ungeliegemeza tu dirishani kwako, jua likuonyeshe? Mtu mmoja anatosha."

"Najua, mwanangu," fundi akasema.

Basi likasimama. Dada akazima tochi, akashuka.