Risala ya Wakazi wa Mtaa wa Medeiros kwa Meya, Baada ya Kona ya Kahawa Kuitwa Jiko

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Lorraine Haugen, Meya wa jiji letu la Port Amaral. Waheshimiwa madiwani wawili mliofika, na salamu ziwafikie wale wawili walioamka na mafua. Mwenyekiti wetu Bi Hideko Nomura. Majirani wote, watoto wote, na mbwa wa Mzee Tognazzi ambaye tayari ameshaiba soseji mezani:

Sisi wakazi wa Mtaa wa Medeiros tunakusalimu kwa furaha, na furaha yenyewe haifichiki.

KARIBU

Mheshimiwa, si kila meya anaweza kuhudhuria sherehe ya watu waliomshinda mahakamani, akakubali kukaa kwenye kiti cha plastiki, tena kile chenye mguu mmoja unaocheza. Umekuja. Tunakupa heshima yako yote, na tunakuomba usiegemee upande wa kushoto.

Tumezoea kuja sisi kwako. Kule ukumbini kwenu kila mwananchi hupewa dakika mbili. Taa inakuwa ya kijani, inakuwa ya njano, ikifika nyekundu kipaza sauti kinazimwa, hata kama mtu ndiyo kwanza anamaliza kutaja jina lake. Leo kipaza sauti tumekodi sisi, na taa hatukuleta. Usiogope. Mwenyekiti ameipitia risala hii na kufuta mizaha mitano. Tumerudisha miwili tu.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na minne iliyopita jiji zima lilipiga kura na kupitisha sheria ya msongamano: kwenye ekari moja, zisijengwe nyumba zaidi ya kumi na mbili. Tulishinda kwa kura nyingi, tukapiga honi barabarani mpaka polisi nao wakapiga. Wewe wakati huo hukuwa umeingia kwenye siasa. Ulikuwa ukifundisha hisabati pale sekondari, na wengine tuliosimama hapa tulifeli mbele ya macho yako.

Kiwanja cha ghala la zamani la maboga kina ekari tatu. Kumi na mbili mara tatu ni thelathini na sita. Hilo ulitufundisha wewe, na hata sisi tuliofeli tulilielewa.

Basi mwaka juzi akaja mjenzi na mchoro wa vyumba mia moja na ishirini. Ofisi ya mipango miji ikauangalia, ikakohoa, ikatangaza kwamba pale hapana nyumba mia moja na ishirini. Pana nyumba kumi na tano.

Mwalimu, tulikukumbuka siku hiyo.

Maelezo yao yalikuwa haya. Kisheria, nyumba ni mahali penye jiko lake. Mjenzi alichora jiko moja kubwa kwa kila vyumba vinane. Kwa hiyo vyumba vinane, vyenye milango minane, vitanda vinane na kodi nane, ni nyumba moja. Ofisi ikasema mradi uko chini kabisa ya kikomo, karibu tushukuru kwa huruma waliyotuonyesha.

Na nyuma ya ghala, Mheshimiwa, kuna vijumba kumi na viwili vya mbao. Unavijua. Ndimo wanamoishi waliofungasha maboga yetu tangu enzi za babu zao. Wiki ileile mchoro ulipopitishwa, kila mlango ulibandikwa notisi ya kuhama. Mama Ofelia Barragán, ambaye hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hajawahi kula kwake, alibandua ya kwake, akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Kisha akaanza kufunga vitu kwenye maboksi.

Hatutaficha kwamba mwanzoni tulipigana kama vipofu. Tulikuja barazani na maputo mekundu, tuliyopanga kuyapandisha mpaka urefu wa ghorofa ili muone jinsi litakavyofunika jua. Upepo wa Port Amaral ukayachukua yote, yakaenda zake baharini, na walinzi wa pwani wakatuandikia onyo. Tukalalamikia kivuli. Tukalalamikia maegesho. Tukalalamikia rangi ya paa. Wakili wa jiji akatusikiliza kwa upole, akasema, "Ndugu zangu, sheria mliyoipitisha haisemi lolote kuhusu kivuli, maegesho wala paa."

Tulirudi nyumbani kwa Bi Hideko tumenywea. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hivi, kati yetu hapa, nani ameisoma hii sheria?"

Kila mtu akamtazama jirani yake.

"Mzee Tognazzi?"

"Mimi niliipigia kura."

"Sikukuuliza hilo."

"Nilisoma bango, Hideko. Lilikuwa bango zuri."

Tukaisoma pale pale, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tuipitishe. Ndipo tulipokuta kwamba sheria inataja jiko, lakini haisemi jiko lazima liitwe jiko. Inasema ni mahali palipowekwa kwa ajili ya kupika chakula.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio ni mengi. Tumepata umoja. Tumejua majina ya majirani tuliokuwa tukiwaita "yule wa gari la bluu". Lakini umekuja kusikia lile la supu.

Mjenzi alifungua chumba cha maonyesho ndani ya ghala, watu wakione kabla ya kulipia. Kitanda, dirisha, bafu, na pembeni kitu kilichoandikwa kwenye kijitabu chao "kona ya kahawa". Tukaenda kuitazama kona hiyo. Ina sinki. Ina friji. Ina kabati la sahani. Ina soketi kubwa ya umeme, ile isiyotumika kwa birika. Na juu yake, imefichwa ndani ya kibao cha mapambo, ina feni ya kuvuta moshi.

"Kahawa yao inatoa moshi?" Mama Ofelia aliuliza.

"Labda wanaikaanga."

"Basi tuwasaidie kukaanga."

Jumamosi iliyofuata, siku wanayojaa wateja, Mama Ofelia aliingia pale akisukuma kigari cha mtoto. Ndani ya kigari hapakuwa na mtoto. Palikuwa na jiko la umeme, limefunikwa blanketi la vidoti, na kofia ya sufu juu yake. Mwanamke mmoja mlangoni aliinama kumchungulia.

"Ana miezi mingapi?"

"Mpya kabisa," akajibu Mama Ofelia. "Usimwamshe, ana moto huyu."

Sisi wengine tuliingia kama wateja. Mmoja alificha kuku chini ya koti. Mmoja mahindi. Mzee Tognazzi alibeba sufuria na kudai ni kofia. Jiko likachomekwa kwenye ile soketi, likawaka kama lililozaliwa pale. Likapimwa kwenye nafasi iliyo chini ya feni, likaingia barabara, hata pengo la kupitisha kisu hapakuwa. Mama Ofelia akaanza kupika pozole, ile supu yake ya kuku na mahindi makubwa na pilipili nyekundu, taratibu, kama yuko kwake.

Muuzaji wa vyumba, kijana anayeitwa Brent, alikuja mbio.

"Mama, samahani, mama! Hapa hairuhusiwi kupika!"

"Kwani hapa ni wapi, mwanangu?"

"Ni kona ya kahawa."

"Na mtu akinunua chumba hiki, akaleta jiko lake kama hili, mtamzuia?"

Brent akatazama nyuma. Palikuwa na wanandoa vijana wameshika kalamu, tayari kusaini, na wao walikuwa wakisubiri jibu hilo hilo kuliko sisi. Mwanamke akasema, "Ndiyo, hebu tuambie. Maana mimi siwezi kuishi kwa kahawa."

Mheshimiwa, njaa ya kuuza ni mbaya kuliko njaa ya tumbo. Brent akatabasamu, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti ya tangazo, na simu zetu zote zikimrekodi: "Hapa unapika chochote! Ndiyo maana tuliweka feni!"

Mama Ofelia akamjazia bakuli. Akala. Akaomba la pili. Wale wanandoa wakala, wateja wakala, fundi umeme aliyekuja kuangalia kilichotokea akala. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya jiko ni foleni ya watu wenye bakuli.

Tulipolishtaki jiji na kupeleka video ile mahakamani, wakili wa jiji alishikilia msimamo. Ni kona ya kahawa. Jaji akatazama picha za video mpaka mwisho, mpaka pale Brent anapofuta bakuli kwa mkate. Akavua miwani.

"Wakili, wewe unakunywa kahawa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Jaji."

"Unaipikia kuku?"

Watu walicheka mpaka karani akatoka nje kutafuta maji. Jaji hakucheka. Aliandika kwamba mahali palipowekwa tayari kwa kupikia, watu wakapika, wakala, wakashiba, ni jiko, na kuliita jina jingine hakupunguzi moto wake. Vyumba mia moja na ishirini vina majiko mia moja na ishirini, basi ni nyumba mia moja na ishirini, na kikomo ni thelathini na sita. Kibali kikafutwa. Notisi za kuhama zikasimamishwa mpaka kesi iishe kabisa.

Tulipiga honi tena. Polisi nao wakapiga tena.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, wapo wanaotuita wabinafsi: watu waliokwisha kupata paa, wanaowafungia wengine mlango. Neno hilo limetuchoma, na hatutalipita kwa mzaha, kwa sababu nusu ya vijana wa mtaa huu tunalala kwenye magereji ya bibi zetu, vyumba vya kuegeshea gari, kati ya mashine ya kufulia na mapambo ya Krismasi. Hakuna anayetaka nyumba kuliko sisi. Mashine ikianza kuzunguka, tunaota tetemeko la ardhi.

Kwa hiyo lieleweke: hatukukataa nyumba. Tulikataa hesabu. Pale panaruhusiwa nyumba thelathini na sita, na thelathini na sita tunazitaka, kesho kama inawezekana, kila moja na jiko lake, mlango wake na mtu anayejulikana kwa jina. Mjenzi mwenyewe ameshatuambia yuko tayari kuchora upya, na kwamba zile familia kumi na mbili zitahamia kwanza kwenye nyumba mpya kabla kijumba chochote hakijaguswa. Amechoka. Anataka kujenga.

Asiyechoka ni wakili wa jiji. Anasema jiji likikubali kushindwa na supu litachekwa. Tunamhakikishia kwamba kucheka tulishamaliza. Anataka mkate rufaa. Na mkikata rufaa, kila kitu kinarudi hewani: mchoro ule wa zamani, notisi zile, miaka mingine miwili ya kwenda mahakamani. Sisi wenye nyumba zetu tutaweza kusubiri. Zile familia kumi na mbili hazitaweza.

MAOMBI

Mheshimiwa, baraza linakaa Jumanne. Madiwani wawili wanataka rufaa, wawili hawataki, na hata mafua hayabadilishi hesabu hiyo. Kura ya tano ni yako.

Tunaomba, kwa unyenyekevu ambao hatujauzoea, rufaa isikatwe.

Tunaomba pia ule mchoro mpya upokewe haraka, usilazwe ofisini mpaka uote ukungu.

Tunaomba dakika mbili za kuzungumza ziwe tatu. Hili si la lazima, lakini tukiwa tunaomba, tuombe.

Ombi la mwisho tungependa ulione kwa macho. Ukimaliza kula, tafadhali tembea nasi hadi nyuma ya ghala, kwenye kijumba cha tatu. Tangu ile notisi, Mama Ofelia aliishi na maboksi sebuleni mwaka mzima na zaidi. Akitaka kijiko, anafungua boksi, akimaliza, analifunga. Pazia aliteremsha. Picha za marehemu mume wake zilikuwa zimefungwa kwenye taulo. Jioni ya hukumu alikwenda dukani, akarudi na kopo la rangi ya njano. Tulimkuta juu ya ngazi.

Bi Hideko akamwambia, "Ofelia, subiri kwanza Jumanne. Hujui Meya ataamua nini."

Hakushuka. Alichovya brashi, akasema, "Kura nilipiga. Kesi nimeshinda. Mnataka nishinde mara ngapi ndipo nipake ukuta wangu?"

Tulivua viatu, Mheshimiwa. Tukashika brashi. Ukuta mmoja umekwisha, wa pili uko katikati, na tumeacha brashi moja ya ziada kwenye maji isikauke. Ni yako, ukipenda. Viatu utavua, rangi bado mbichi.

Mungu aibariki kura ya kila mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni akidhani itahesabiwa. Awabariki waliotushinda mwanzo na tuliowashinda mwisho. Aubariki mkono wako siku ya Jumanne, uinuke pale unapotakiwa kuinuka na ubaki mezani pale unapotakiwa kubaki. Na akubariki hapo ulipoketi, kiti kisikuangushe.

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi wa Mtaa wa Medeiros,
wenye nyumba, wapangaji, na wa magereji,
Port Amaral, California.

Imesomwa kwa niaba yao na Teo Bettencourt, mwanafunzi wako wa zamani, safu ya nyuma.