Marehemu Sadoki Mwakitalima, Katibu Kata Aliyefuta Amri Yake

Zamani mwenye kesi aliketi barazani akasikilizwa mpaka aseme basi, nanyi siku hizi mnausikia uamuzi ukishabandikwa ukutani na Landrova iliyouleta imekwisha kuondoka.

Sadoki Mwakitalima alizaliwa Tukuyu tarehe 14 Machi 1925, mtoto wa tatu wa mzee Mwakitalima, mkulima wa kahawa na migomba. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, elimu ambayo wakati ule ilimtosha mtu kuandika barua isiyohitaji kusahihishwa na mtu mwingine. Mwaka 1950 alipanda lori la mizigo kuja Ufipa kuwa karani wa baraza. Alifika akitetemeka kwa baridi ya Julai, akaapa kwamba atakaa mwaka mmoja tu.

Mwaka 1954 alimwoa Silvana, dada yake Evaristi anayewasomea wasifu huu. Ukweni walimwita Mla Ndizi. Siku ya kwanza alipowekewa ugali wa ulezi, aliutazama ulivyo mweusi, akauliza kwa adabu kama umeungua. Silvana alicheka mpaka akatoka nje. Huo ulezi ndio uliomlea miaka thelathini, na ndio uliomfundisha kazi.

Alipandishwa kuwa Katibu Kata mwaka 1972. Operesheni Vijiji ilipopita hapa, kila shamba lililoonekana limetelekezwa lilichukuliwa kuwa mali ya kijiji. Mwezi Juni 1975 Sadoki alipita kwenye shamba la Cornelia, mjane mwenye watoto wanne. Aliona matuta ya duara yametapakaa, makavu, bila jani hata moja. Kwao Tukuyu ardhi haikai bure. Akaona huyu amelima akakata tamaa, akaliandika shamba lile kuwa mahali pa kufyatulia matofali ya shule. Hakubisha hodi kwa mtu.

Cornelia alimfuata barazani, watu wamejaa.

“Bwana Katibu, shamba langu limekosa nini?”

“Limetelekezwa, mama. Nimeliona kwa macho yangu. Matuta matupu.”

Watu wakaangua kicheko. Cornelia hakucheka.

“Matupu? Baba, hizo ni intumba. Nyasi tumezifukia masika, zinaoza humo ndani. Mvua zikianza tunazitawanya, tunapanda ulezi. Kwenu mnapika ndizi, sisi tunaanza kupika shamba. Sasa wewe umeepua chungu hakijaiva.”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza lini?”

Sadoki aliomba jembe, akaenda naye shambani, akapasua tuta moja. Ndani nyasi zilikuwa zimegeuka udongo mweusi, wenye unyevu, katikati ya kiangazi. Silvana alisimulia kwamba jioni ile mumewe hakugusa chakula. Udongo ule ukishafyatuliwa matofali haurudi, na watoto wale wanne wangekula nini?

Mkubwa mmoja kutoka wilayani alikuja kumkemea.

“Katibu, ukirudi nyuma leo, kesho nani atakutii? Serikali haigeuki.”

“Mzee, amri niliitoa mimi, na mwenye shamba sikumuuliza. Nitaifuta mimi, mbele ya watu walewale.”

“Utajuta.”

“Huenda. Lakini shamba litakuwa na mwenyewe.”

Aliifuta. Matofali yalifyatuliwa bondeni kwenye udongo wa mfinyanzi, na Cornelia alivuna ulezi. Tangu siku ile Sadoki hakukata neno lolote la kumnyang’anya mtu kitu bila kumwita kwanza, na kila uamuzi aliusoma pamoja na sababu zake, kisha akamwambia aliyeshindwa aende wapi kulalamika. Mwaka uliofuata alihamishiwa Mtowisa, chini kwenye joto. Hakuambiwa sababu wala hakuulizwa. Yeye alisamehe. Ndugu zake wengine hawajasamehe mpaka leo, maana waliokuja baada yake hapa hawakuwahi kushika jembe kupasua tuta lolote. Wanauliza karatasi, karatasi inajibu.

Alistaafu mwaka 1980, akarudi hapa kijijini. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba. Alilazwa hospitali mjini Sumbawanga mwishoni mwa Julai, akafariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1984. Ameacha mjane, Silvana; watoto watatu, Ndimyake, Suma na Maria; wajukuu saba; na kaka yake Tuntufye aliyekuja kutoka Tukuyu.

Evaristi alimwona mara ya mwisho Jumatano jioni. Nje, chini ya ukuta wa hospitali, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba likitokea la kutokea, mwili utasafirishwa Tukuyu. Lori lilikuwa limekwisha tafutwa. Evaristi aliingia kumliwaza.

“Shemeji, usiwe na wasiwasi. Wazee wameshakata neno. Utalala kwenu.”

Sadoki alifumbua macho.

“Kumbe nimekuwa shamba la Cornelia?”

“Shemeji?”

“Mliniuliza lini?”

Evaristi alivua kofia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamuuliza kama anavyoulizwa mwenye haki yake: ungependa ulale wapi? Alijibu bila kusita, “Hapa Ufipa. Tukuyu nilizaliwa, lakini hapa ndipo nilipoiva.” Evaristi akasimama kwenda kuwaambia wazee wafute uamuzi wao. Mlangoni aligeuka. Mla Ndizi alikuwa amelalia ubavu, ameuelekea ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko kidogo.

Alale salama katika udongo huu, alioutaja kwa kinywa chake mwenyewe.