Asali Waliyoilamba Watoto Tisa

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni geuzeni chakula kisiungue, kisha mkae chini. Leo tunamkumbuka Nelius, mama wa watoto tisa, wa Kianjai. Nelius ametuacha. Na nawaambia mapema, leo sina neno la kuwafariji. Nimelitafuta wiki nzima, nimelikosa.

Mnamjua nyinyi. Ni yule mama aliyetuma ujumbe kila Jumamosi, miaka sita bila kukosa, na kila ujumbe ulianza na neno moja: "Nashukuru." Wengine wenu mnatuma salamu mkiomba wimbo. Nelius hakuomba kitu. "Nashukuru, kuku aliyepotea amerudi na vifaranga saba." "Nashukuru, Muthomi amejua kufunga kamba za viatu." "Nashukuru, leo asubuhi hakuna aliyekojoa kitandani." Nilikuwa nasoma nikicheka mpaka fundi wa mitambo ananipungia mkono nitulie.

Siku moja nilimpigia simu tukiwa hewani. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akasema tisa. Nikamuuliza, "Na wa kuzaa mwenyewe ni wangapi, mama?" Akasema, "Muthamia, hayo ni maswali ya daktari. Wewe soma salamu." Mlicheka nyote. Mimi niliona haya, na mpaka leo naona haya.

Lakini leo lazima niwahesabu, ndipo mnielewe. Nelius alizaliwa Embu, kule chini Ishiara kwenye joto. Akaolewa huko huko na Gitari, wakapata watoto watatu. Gitari akafariki Wamuyu, kitinda mimba wao, akiwa hajamaliza mwaka. Huku Kianjai, Meru, kulikuwa na Ishmael, mchuuzi wa ndengu. Mke wa Ishmael alifariki akimzaa Muthomi, akaacha wanne. Basi Ishmael akawa anateremka Ishiara kununua ndengu, na Muthomi amefungwa kifuani kwa shuka, analia njaa. Nelius alikuwa muuzaji. Alimpokea yule mtoto akamnyonyesha, Wamuyu upande huu, Muthomi upande ule. Ishmael aliniambia juzi, "Nilisahau hata kilichonipeleka sokoni. Nilisimama tu pale."

Walifunga ndoa kanisani Kianjai miaka tisa iliyopita. Watatu wa Embu, wanne wa Meru, na wawili waliowazaa pamoja. Tisa. Nyumba ya mabati, vyumba vitatu, na sufuria moja kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe. Mnajua watoto na ukoko. Wakipigania ule ulioganda chini ya sufuria, nyumba ilikuwa haikaliki. Nelius alichukua mkaa akaandika majina ukutani, leo ni zamu ya fulani, kesho ya fulani. Kaburu, kifungua mimba wa Ishmael, sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru, anaishi hosteli. Aliniambia, "Mama alinipigia simu chuoni. Nilidhani kuna shida. Kumbe ananiambia, Kaburu, leo ilikuwa zamu yako, nimempa Wamuyu, usikasirike." Kijana wa miaka ishirini na moja, wasikilizaji. Aliniambia hayo akilia.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye shida yote.

Kwa ukoo wa Gitari kule Ishiara, mjane akiolewa kwingine na watoto, yule mume mpya ana safari moja ya lazima. Anabeba asali, anapeleka kondoo dume. Anakaa na wazee wa marehemu, wanakula, wanakunywa, halafu wazee wanatamka mbele ya watu kwamba hawa watoto wana nyumba mbili. Basi. Asipokwenda, watoto wanahesabiwa kama wameazimwa tu. Ishmael alilijua hilo. Nelius alilijua hilo. Asali ilinunuliwa mwaka wa nne wa ndoa, dumu zima, ikawekwa chini ya kitanda. Kondoo naye alikuwepo.

Halafu mtoto mmoja akakohoa. Nelius akampa kijiko. Wapo watoto wanane wanatazama, utafanyaje? Wote wakakohoa! Ikawa kila Jumapili wakitoka kanisani wanapanga mstari, mrefu mbele, mfupi nyuma, kijiko kimoja kimoja. Hata Ishmael alikuwa anasimama mwisho wa mstari, mzee mzima. Nelius alinitumia ujumbe siku hizo. "Nashukuru, tumelamba asali, na nyuki hawajui." Dumu likaisha. Wakanunua lingine, nalo likaisha. Yule kondoo walimchinja Kaburu alipotoka jandoni. Kila mwaka walisema, Desemba tutakwenda. Ishmael anasema mkewe alimkumbusha mara nyingi, na yeye ndiye aliyesema mavuno yakiisha. "Kulikuwa na raha nyumbani," aliniambia. "Ukiwa na raha huoni kama kuna haraka."

Aki ya Mungu, mimi sijui nimlaumu nani hapo.

Jumanne moja asubuhi, mwezi uliopita, Nelius alianguka shambani akipalilia maharagwe. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwishakata roho. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Siku ya pili wazee wa Ishiara walifika mochari. Hawakuja na fujo. Walikuja na barua ya kuzuia mazishi. Mwili wa Nelius ukakaa mochari siku kumi na moja, ndugu zangu, na watu Kianjai wanakesha, wanaimba, wanakunywa chai, wanangoja.

Hapa redioni tuliletewa matangazo mawili ya kifo. La Kianjai lilisema ameacha watoto tisa. La Ishiara lilisema ameacha watoto watatu. Marehemu ni huyo huyo, picha ni hiyo hiyo. Sikusoma hata moja. Mkubwa wangu alinigombeza, na sikusoma.

Nilikwenda mwenyewe kwenye kikao, kwa chifu. Mzee Stephen, kaka yake Gitari, ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Nilitaka kumchukia. Nilishindwa. Alisimama na kofia mkononi, akamwambia Ishmael, "Mwanangu, hatukukufungia mlango. Tulikungoja. Miaka tisa mke wangu anafagia uwanja kila Desemba, anasema mwaka huu watakuja na watoto. Hata ungekuja na chupa ya soda, ningesema ni asali. Hukuja." Sasa Ishmael angejibu nini? Angesema tuliila?

Alisema hivyo hivyo. Alisimama akasema, "Baba, tuliila. Watoto waliila." Na watu wengine pale ndani wakacheka, wakidhani ni mzaha. Wueh!

Wazee wakatoa neno lao. Mwili uzikwe Kianjai, alikoishi. Watoto watatu wa Gitari warudi kwa Gitari. Wengine mtaniuliza, je, korti? Mwanamke alikuwa kwenye barafu siku ya kumi, na pesa za wakili hakuna. Ishmael alitia sahihi. Akaniambia nje ya ofisi, "Nimemzika mke wangu na watoto wangu kwa kalamu moja."

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Wale tisa walivaa sweta za rangi moja, kijani, alizofuma mama yao mwenyewe, kwa hiyo hukujua yupi ni wa nani. Gari la Ishiara lilikuwa limeegeshwa barabarani tangu asubuhi. Udongo ulipomalizika, Mzee Stephen akawaita watatu kwa majina, kwa sauti ya upole kabisa. Wale wakubwa wawili wakaenda wakiinama. Wamuyu akamshika Ishmael mkanda wa suruali. Amekuwa akimwita baba tangu aanze kusema, hajui baba mwingine. Ishmael alimfungua vidole kimoja kimoja. Alifanya hivyo yeye mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amfungue. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole. Pole kwa Ishmael. Pole kwa Kaburu na wote waliobaki Kianjai. Pole kwa Mzee Stephen na mama anayefagia ule uwanja, maana sasa wana watoto watatu wanaolia na hawataki kula. Pole kwa watoto tisa wa Nelius. Nimesema tisa. Mkubwa wangu, kama unasikiliza, nimesema tisa.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye kuna mlango hujabisha hodi kwa sababu nyumbani kwako mambo ni matamu, nakuomba uwaze. Ondoka kesho. Beba ulicho nacho, hata kama kimepungua nusu. Wazee watakusema, watakucheka, halafu watakukaribisha. Ishmael alikwenda Ishiara Jumatano iliyopita akiwa na dumu jipya. Walimpokea vizuri, wakaila asali, wakamwambia watoto atawaona likizo ya Desemba.

Jumatatu hii shule ya msingi ilifunguliwa. Wamuyu na Muthomi walikuwa darasa moja, dawati moja. Mwalimu wao, Winrose, alinipigia simu. Alisema aliita majina kwenye rejista asubuhi, na akaita jina la Wamuyu kwa mazoea, kabla hajakumbuka. Muthomi akasimama akasema, "Yuko, mwalimu." Winrose akamwambia akae. Jumanne aliliruka lile jina makusudi, na Muthomi akainua mkono, akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, umemsahau Wamuyu."