Vikate Visivyolika

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

MWASHI: Haloo, mama. Ni mimi.

MAMA: Mimi wako wengi. Sema jina la kazi yako.

MWASHI: Mwashi. Mkweo. Baba Kifaranga.

MAMA: Ah. Sijavaa miwani, nimepokea tu.

MWASHI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Mtoto anaumwa?

MWASHI: Haumwi.

MAMA: Amekula?

MWASHI: Ndiyo maana nime—

MAMA: Nimeuliza amekula.

MWASHI: Amekunywa chai. Nusu kikombe.

MAMA: Chai si chakula. Chai ni maji yaliyovaa nguo.

MWASHI: Najua. Mama, naomba unielekeze vile vikate. Vya mtama na mboga. Vile alivyokuwa akivioka mwenzangu.

[Mtandao unakwaruza.]

MWASHI: Haloo? Umenipata?

MAMA: Nimekupata. Unauliza leo kwa nini? Kesho nakuja kumchukua mtoto. Kikao cha matanga kilikaa, kikaisha, na wewe hukufungua mdomo.

MWASHI: Ningeufunguaje, wakwe wote wananitazama mikono kama nimeiba kijiko? Lakini nilisikiliza. Baba mdogo alisema, kama mtoto hali, aende kwa bibi yake. Kama hali. Hakusema aende tu.

MAMA: Umelishika neno kama mtu aliyeshika ng'ombe mkia.

MWASHI: Sina lingine la kushika, mama.

MAMA: Godoro nimeshanunua. Dogo, la maua. Liko hapa limeegemea ukuta, hata nailoni sijatoa. Na mwalimu mkuu wa shule ya huku nimeongea naye.

MWASHI: Najua.

MAMA: Hujui. Akila leo, kesho je?

MWASHI: Kesho nitapika tena.

MAMA: Wewe.

MWASHI: Mimi.

MAMA: Mtu aliyekuwa akiomba aonyeshwe chumvi iko wapi.

MWASHI: Sasa najua iko wapi. Iko kwenye kopo lililoandikwa sukari. Nimejua kwa njia ngumu.

MAMA: [anakohoa, au anacheka] Mwanangu alilianza hilo akiwa msichana, ili ndugu zake wasimalize sukari. Haya. Umejaribu mara ngapi?

MWASHI: Hii ya leo ni ya nne. Vya kwanza vilisambaratika, nikaviokota kwa kijiko. Vya pili vilikuwa uji ndani, nje vimeungua. Vya jana vilishikana vizuri kabisa, mama, hata jirani alikula viwili. Mtoto alivitazama akasema, "Si vyenyewe." Akageukia ukuta.

MAMA: Alivionja?

MWASHI: Hakugusa. Alitazama tu.

MAMA: Na shuleni?

MWASHI: Mwalimu wake aliniita. Anasema chakula cha mchana anawagawia wenzake, akiulizwa anasema anaacha nafasi.

MAMA: Nafasi ya nini?

MWASHI: Hakusema.

[Mlango unafungwa upande wa mama.]

MAMA: Nimesogea dirishani, huku kuna mtandao. Nieleze ulivyofanya jana, hatua moja moja, usinirukie.

MWASHI: Nilichemsha mtama mpaka ukaiva, nikauacha upoe—

MAMA: Ulipoa kweli, au ulipoa kwa haraka zako?

MWASHI: Ulilala nje ya sufuria mpaka asubuhi.

MAMA: Vizuri. Mboga?

MWASHI: Karoti na boga nikaviparuza. Kabichi nikakata nyembamba, na kitunguu. Nikatia chumvi—

MAMA: Ukakamua?

MWASHI: Jana nilikamua. Ile mara ya pili sikukamua.

MAMA: Ndiyo maana ikawa uji. Wewe ni mwashi, ukichanganya saruji maji yakazidi, inakuwaje?

MWASHI: Ukuta unapasuka.

MAMA: Basi. Mboga ikishalala na chumvi, iweke kwenye kitambaa safi, uinyonge kama una ugomvi nayo. Halafu kiazi kilichopondwa ndicho saruji yako. Yai uliweka?

MWASHI: Hapana. Yeye hakuwa anaweka.

MAMA: Sawa. Yai lingemkasirisha. Tumbo lake na mayai havikuwahi kuelewana, tangu mdogo. Na mafuta unapaka juu kidogo tu, si kumwaga. Mimi nilizoea kukaanga. Huko kuoka ni kwake yeye. Nilipokuja kwenu nikala, nikamwambia, mbona vikavu, umekuwa mvivu wa kusimama jikoni? Akacheka, akasema ndivyo watu wa mjini wanavyokula siku hizi.

MWASHI: Mama.

MAMA: Nini?

MWASHI: Hakuwa mvivu. Harufu ya mafuta ya moto ilikuwa inamtapisha. Ndipo nilipomnunulia ile oveni ya mezani.

MAMA: Mliinunua kabla ya mvua kubwa.

MWASHI: Ndiyo.

MAMA: Mimi aliniambia ameanza kuumwa baada ya mavuno.

MWASHI: Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Mama yangu akijua atafunga nyumba yake, atakuja kukaa hapa anihesabie vidonge."

MAMA: Ningekuja.

MWASHI: Alijua.

[Mtandao unakatakata.]

MWASHI: Haloo? Mama? Samahani, sikutaka—

MAMA: Usiombe samahani kwa jambo ambalo si lako. Tuendelee. Umbo lake?

MWASHI: Duara. Upana wa kiganja cha mtoto. Nilitumia mfuniko wa kopo la maziwa kama yeye.

MAMA: Rangi?

MWASHI: Kahawia pembeni. Ileile.

MAMA: Ulivipanga mezani vipi?

MWASHI: Kwenye sahani yake ya bluu. Vitatu. Mama, kila kitu nilifanya kama yeye, hata kile kitambaa chake cha jikoni nilijifunga kiunoni. Mtoto akasema kivue.

MAMA: Marehemu alikuwa anavila vipi? Namaanisha mtoto, anavila vipi? Nieleze.

MWASHI: Mtoto? Huwa anazunguka. Anaanza pembeni, anakizungusha kama panya na hindi, katikati anabakiza mwisho. Kile cha katikati anakiweka mdomoni kizima, anafumba macho. Tulikuwa tunamcheka.

[Mama anaguna.]

MWASHI: Mama, kuna kitu unakijua.

MAMA: Kipo.

MWASHI: Niambie.

MAMA: Nitakwambia. Acha nikae kwanza. [kiti kinaburutwa] Huku nimemtandikia shuka. La godoro lile. Nimelipiga pasi.

MWASHI: Mama, kama hutaki kuniambia—

MAMA: Nani kasema sitaki? Nimesema nakaa. [anapumua] Mume wangu alipofariki, mkeo alikuwa hajaanza shule. Naye aligoma kula. Ndugu wakasema apelekwe kwa shangazi yake, maana mimi nilikuwa nashinda kazini, sikuwa na mikono. Siku moja nimechoka, nimekasirika, nikachukua kikate kibichi nikakibonyeza katikati kwa kidole gumba. Nikamwambia, hapa amekaa mama. Anza pembeni, ukifika hapa utanikuta. Akala. Nikabonyeza kila kimoja, kila siku, mpaka akawa mkubwa. Mpaka akaona aibu mbele ya wenzake, akaniambia mama, acha.

MWASHI: Kile kishimo.

MAMA: Kile kishimo.

MWASHI: Vya mwenzangu vyote vilikuwa nacho. Nilidhani ni ili viive katikati.

MAMA: Wewe unapiga ripu kuta za watu mpaka zilale sawa, kishimo kwako ni kasoro. Jana ulivilainisha juu kwa kisu, sema kweli.

MWASHI: Kwa mwiko. Nilivisawazisha vyote.

MAMA: Basi ulimfuta mama yake.

[Mwiko unawekwa chini.]

MAMA: Nimesema vibaya.

MWASHI: Hapana. Umesema ilivyo.

MAMA: Una vibichi hapo?

MWASHI: Viko kwenye trei. Oveni nimeshaiwasha.

MAMA: Bonyeza. Kila kimoja, katikati, kabla havijaingia. Usitoboe.

MWASHI: Kwa kidole changu?

MAMA: Cha nani tena?

MWASHI: Mama, hiki kidole kimepigwa nyundo, ukucha umepinda. Ni kinene. Chake kilikuwa chembamba. Mtoto ataona si cha mama yake.

MAMA: Ataona. Hilo ndilo anapaswa kuliona. Usimdanganye kwamba ni yeye. Mwite, ubonyeze akitazama.

MWASHI: Kifaranga. Njoo jikoni, mwanangu. Njoo uone. [mbali na simu] Hapana, sijavaa kitambaa. Njoo tu.

[Hatua ndogo. Sauti ya mtoto, haisikiki vizuri.]

MWASHI: Anauliza ni nani kwenye simu.

MAMA: Mwambie bibi. Mwambie... mwambie bibi anasikiliza tu.

MWASHI: Nimebonyeza cha kwanza. Anatazama. Cha pili. Mama, ameingiza kidole chake humo ndani. Kinazama chote.

MAMA: Anasema nini?

MWASHI: Anasema, "Hiki ni kikubwa."

MAMA: Na wewe unamwambia nini?

MWASHI: Nimwambie nini?

MAMA: Usiniulize mimi. Baba ni wewe.

[Sauti ya chini, haieleweki. Kisha mlango mdogo wa bati unafungwa.]

MWASHI: Vimeingia. Nimemwambia, humo nimekaa mimi. Mama, simu imeniambia salio linaisha.

MAMA: Kata. Nitapiga mimi. Usifungue oveni kila dakika, vitakauka kama vile nilivyovitukana.

[Simu inakatika.]

[Simu inaita.]

MWASHI: Haloo, mama.

MAMA: Mbona unanong'ona?

MWASHI: Yuko mezani.

MAMA: Basi?

MWASHI: Amekaa nacho mkononi. Anakitazama. Nimempa mgongo, najifanya naosha sufuria, namwona kwenye kioo cha dirisha.

MAMA: Usigeuke.

MWASHI: Sigeuki.

[Maji yanachuruzika.]

MAMA: Funga bomba, sisikii.

MWASHI: [maji yanakoma] Unasikia?

MAMA: Nasikia.

MWASHI: Anazunguka pembeni.

[Kutafuna, kwa mbali.]

MWASHI: Mama? Anakula. Anazunguka pembeni, kama zamani.

MAMA: Nimesikia. Meno yake nayasikia hadi huku. Amefika katikati?

MWASHI: Bado. Hapo... hapo amekiweka chini. Amebakiza katikati. Amekisukuma upande wangu wa meza.

MAMA: Usikikatae.

MWASHI: Anasema nile mimi, kwa sababu mimi nimekaa humo peke yangu. Mama, nisubiri kidogo.

MAMA: Nasubiri.

[Pua inafutwa.]

MWASHI: Nipo.

MAMA: Amechukua cha pili?

MWASHI: Amechukua.

MAMA: Sawa. Basi kesho usije kunisubiri stendi.

MWASHI: Mama—

MAMA: Neno lilikuwa kama hali. Anakula. Mimi si mtu wa kugeuza maneno ya kikao. Mwalimu mkuu nitamwambia. Godoro nalo aliyeniuzia atalipokea, nailoni haijatoka.

MWASHI: Usilirudishe. Atakuja likizo, atalalia nini?

MAMA: Likizo ni mbali.

MWASHI: Itafika. Mama, na wewe umekula?

MAMA: Nimekunywa chai.

MWASHI: Chai si chakula.

MAMA: Usinirudishie maneno yangu, wewe.

MWASHI: Tangu lini hujapika?

MAMA: Mtu mmoja anapika nini? Mtama wa nani? Juzi nilichemsha, nikaviumba hivyo vikate, nikavipanga kwenye kikaango. Halafu nikavitazama. Nilikuwa nimeshabonyeza vyote. Mkono tu, mazoea. Sikujua ninambonyezea nani. Nikavimwagia kuku wa jirani.

[Mtandao unakwaruza.]

MWASHI: Njoo kesho.

MAMA: Nimeshasema siji.

MWASHI: Si kumchukua. Njoo kula. Nitakamua kwa kitambaa, sitaweka yai. Na vyako nitakubonyezea mimi.

MAMA: Na kidole chako hicho cha nyundo.

MWASHI: Na kidole changu cha nyundo.

MAMA: Nitaona bakuli zima, si kikate. [anavuta pumzi] Basi la asubuhi linajaa.

MWASHI: Panda la mchana.

MAMA: Sasa hii yangu nayo inalia, salio. Sikiliza, mtoto akimaliza mpe maji ya uvuguvugu, tumbo lililokaa tupu halishtuliwi. Asile zaidi ya vitatu. Na lile kopo la chumvi usilibadilishe maandishi, liache vile—

MWASHI: Siligusi. Mama, unakuja?

MAMA: Mwambie Kifaranga, mwambie bibi yake kesho mchana—

[Simu inakatika.]

MWASHI: Haloo? Mama?