Kazi ya Siku Kumi

Benchi liko nje ya chumba cha kompyuta kuu ya chuo, pale ukuta unapotetema kwa viyoyozi. Watafiti wote wanagombea kompyuta hiyo hiyo: unatuma kazi, inapangwa foleni, nawe unakuja benchini kunywa kahawa na kulalamika. Mama Ndama, aliyepachikwa jina hilo kwa kuchunguza vijidudu vinavyoua ndama, leo Alhamisi alikuwa katika siku yake ya nne ya kulalamika, na utani ulikuwa umemwishia. Kaka yake ameshafukia ndama wawili. Daktari wa mifugo hachanji mpaka ajue kama kijidudu ni kile cha mwaka jana au ni kipya, na kazi ya kumpa jibu hilo haijaanza hata kidogo.

— Bado inasubiri! Nimechoka jamani.

— Utasubiri sana, alisema Profesa Foleni, ambaye uprofesa wake unaishia benchini. Huu ni mwaka wake wa saba wa masomo. Ile mashine ina kinyongo, aliendelea. Ukiichungulia mara kwa mara, inakurudisha nyuma.

— Kinyongo wapi! alidakia Bwana Mahindi, mtafiti wa mbegu. Ni wale watu wa hali ya hewa. Wanatuma kazi zao alfajiri, mashine haijapata akili sawasawa, inakubali kila kitu.

— Wewe nawe! alijibu Profesa. Data za hali ya hewa ni namba tupu. Za mama huyu ni za ng'ombe wagonjwa. Unadhani mashine haiogopi kuambukizwa?

Mama Ndama alicheka bila kupenda, kahawa ikampalia. Fundi wa viyoyozi, mgeni kabisa pale, alikuwa akipita na ngazi begani. Akasimama.

— Samahani dada yangu. Hiyo kazi yenyewe inachukua muda gani?

— Niliomba siku kumi.

— Sijauliza uliomba ngapi.

Mama Ndama akamtazama Bwana Mahindi, maana faili la maelekezo alilinakili kwake, siku kumi zikiwemo. Bwana Mahindi akamtazama Profesa, aliyempa yeye. Profesa akatazama ndani ya kikombe.

— Nilibahatisha, alisema. Mwaka wa kwanza.

— Mimi Jumatatu nazima mitambo yote humo ndani nibadilishe viyoyozi, alisema fundi. Kazi ya siku kumi itaanzaje leo, ije ikatwe katikati?

Mama Ndama alifungua kompyuta yake ya mkononi, akafuta kumi, akaandika siku moja. Kazi ikaanza papo hapo. Ikamalizika kahawa ikiwa bado vuguvugu. Akampigia kaka yake mbio mbio.

— Kaka, ni kipya! Mwambie daktari aagize chanjo nyingine leo leo. Wamebaki wangapi?

— Watatu. Mwingine kafa asubuhi. Lakini ahsante, dada. Siku nne nzima! Kazi hiyo lazima ilikuwa nzito, pole sana.

Mama Ndama alitazama kioo cha kompyuta kuona kazi ilichukua muda gani. Dakika kumi na tisa. Akamwambia tu awahi kumpigia daktari.