Ugonjwa wa Mishipa na Wifi Niliyemsingizia

Ndugu zangu wa jumuiya, niruhusuni niseme nikiwa nimekaa. Mambo haya hata leo siyaelewi vizuri.

Miaka ya themanini, msimu wa kuchuma kahawa, kule Ihembe, niliharisha siku nne nikapona. Wiki mbili baadaye nyayo zikaanza kunichoma kama nimekanyaga siafu. Natazama, siafu hakuna. Kesho yake nikiwa migombani magoti yakalegea, nikaanguka na panga mkononi. Siku ya tatu hata kikombe kilinishinda.

Nilichanganyikiwa. Homa sina, kidonda sina. Nawaambia ukweli, nilitafuta wa kumlaumu. Wifi yangu, aliyekuwa akiishi nasi, ndiye alinipikia uji nilipoharisha. Nikamwambia mume wangu, "Ni huyu dada yako, kaniroga kwa ule uji." Akamfukuza. Wifi akaenda Rugu kwa shangazi yao, analia.

Mimi nikabebwa kwa machela hadi hospitali. Daktari akanigonga magoti kwa kinyundo, hayakushtuka.

"Mama," akasema, "kinga ya mwili wako ilitoa kemikali za kupigana na wadudu wa tumboni. Wadudu wameisha, zenyewe bado zinapigana. Zinavimbisha mishipa yako ya fahamu."

"Nani kazituma?"

"Hakuna. Ni mwili wako wenyewe."

Mwili wangu unipige mimi? Dawa ya kuzituliza hawakuwa nayo. Walichunga pumzi zangu tu, wakisubiri.

Asubuhi moja nikamwona wifi mlangoni na kikapu.

"Umefuata nini?"

"Kukugeuza. Nasikia usipogeuzwa mgongo unatoka vidonda."

Machozi yakanitoka, mkono wa kuyafuta sina. "Wifi, nilikusingizia."

"Najua. Ngoja kwanza nikugeuze."

Alinigeuza na kuninyoosha miguu miezi miwili, mpaka kidole gumba kikacheza. Mwaka uliofuata nilitembea kwa fimbo.

Kwa nini mimi, wakati wengi waliharisha wakaendelea kulima? Sijui.

Nawashukuru walionibeba, wauguzi, na wifi aliyeketi pale nyuma. Ndugu zangu, ukipatwa na usichokielewa, sema "sielewi" kabla hujataja jina la mtu. Mimi nililitaja. Siku wifi alipotoka kwetu, hakuna jirani aliyempa hata maji ya kunywa. Miguu imepona, hilo bado linaniuma.