Ufunguo wa Toroli Namba Sita

Ndugu, majirani, na mafundi mliofunga kazi leo ili muwe nasi, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu, yameandikwa na mumewe, yakapitiwa na watoto wake wawili, nami kaka yake mkubwa nimeombwa kuwasomea.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 11 Mei 1965, mtoto wa nne na kitinda mimba wa baba mpiga chapa na mama mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akamaliza sekondari mwaka 1982, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha ufundi, akiwa msichana pekee katika darasa la wanafunzi ishirini na wawili. Siku ya kwanza wenzake walimuuliza kama amepotea njia ya kwenda darasa la mapishi, naye akawajibu kwamba amelipita mlangoni, akaona moto wao ni mdogo.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika karakana ya mabehewa kuwa mkata chuma kwa gesi, chini ya fundi mzee ambaye wote mnamjua kwa jina la Babu Tochi. Mzee huyo alimfundisha mwezi mzima bila kumruhusu kuwasha moto, ila kusimamisha mitungi na kuifunga imara kwenye toroli, kupuliza vumbi kwenye mdomo wa valvu kabla ya kufunga geji, kulegeza skrubu ya geji kabla ya kufungua mtungi, kusimama pembeni na si mbele wakati wa kuufungua, kutosogeza mafuta wala grisi karibu na oksijeni, kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kutazama kama linachemka, na kuitoa hewa iliyochanganyika ndani ya kila mpira wa gesi kabla ya kugusa kiberiti cha jiwe. Alipolalamika kwamba mwezi umekwisha hajakata hata msumari, Babu Tochi alimwambia, "Gesi haina haraka, binti yangu, mwenye haraka ni wewe."

Mumewe alikutana naye Jumanne tarehe 22 Septemba 1987, pale yeye, mhadhiri wa hisabati asiyejua lolote kuhusu gesi, alipotumwa na chuo chake kupeleka vyuma vya kukatwa pamoja na mtungi wa asetilini, gesi ya kukatia chuma, akaufikisha ukiwa umelazwa nyuma ya gari kama gunia. Marehemu aliusimamisha, akatazama saa ya ukutani, akamwambia, "Mwalimu, huu ulivyolazwa, lazima usimame utulie. Njoo kesho." Mwalimu alikwenda kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, ingawa vyuma vyote vilikuwa vimeshakatwa, na Jumamosi tarehe 19 Agosti 1989 walifunga ndoa, wakajaliwa binti mwaka 1991 na kijana mwaka 1994.

Sasa tunafika kwenye siku ambayo marehemu mwenyewe alitaka isomwe bila kupunguzwa. Mtungi wa asetilini wa pale karakanani hufunguliwa na kufungwa kwa ufunguo wake, na Babu Tochi alikuwa amemfundisha kwamba ufunguo huo haubanduki kwenye valvu maadamu moto unawaka, lakini kwa kuwa funguo zilikuwa zikipotea, msimamizi wa wakati huo aliagiza kwamba kila fundi akishafungua mtungi aurudishe ufunguo stoo. Alhamisi tarehe 14 Machi 1996, saa nne asubuhi, bamba la chuma lilianguka likakata mpira mwekundu wa toroli namba sita, gesi ikashika moto, na marehemu akanyoosha mkono kwenye valvu, akakuta hapana kitu. Alikimbia hatua tisini na mbili hadi stoo na hatua tisini na mbili kurudi, akaufunga mtungi, na moto ukazimika, lakini kwa muda wote huo Babu Tochi alikuwa ameukunja ule mpira na kuubana kwa mikono mitupu ili moto usiufikie mtungi, na tangu siku hiyo vidole vyake havijakunjika tena. Watu walimwambia marehemu kwamba kosa ni la agizo. Hakuwahi kukubali, alijibu daima, "Ufunguo niliurudisha mimi."

Aliporudi kazini alikuja na vipande vya mnyororo mwembamba, akafunga kila ufunguo kwenye toroli yake, na msimamizi alipoviondoa, marehemu alikataa kuwasha moto. Alipewa ufagio, akafagia vyuma chakavu kwa wiki saba, huku wenzake wakimtania kwa jina la Mama Mnyororo, na hakununa wala hakulegea, na jioni akifika nyumbani alimwambia mumewe kwamba karakana haijawahi kung'aa vile. Wiki ya nane likaja tangi lililotakiwa kukatwa mkato mrefu ulionyooka, ambao hakuna mwingine aliyeuweza, na msimamizi akasimama mbele ya ufagio akasema, "Haya, Mama Mnyororo, funga minyororo yako." Akaifunga kwanza, ndipo akavaa miwani, akapasha chuma moto hadi kikaiva wekundu mkali, akabonyeza mkono wa oksijeni, na jioni ile tangi lilikuwa vipande viwili na ukingo wake ukionekana kama umepigwa rula. Kwa miaka ishirini na saba iliyofuata, hakuna aliyeungua tena kwenye karakana ile.

Nyumbani hakuwa na ubaguzi, jiko la gesi lilipakwa povu kila Jumapili hadi watoto wakadhani ni ibada, na rimoti ya televisheni, baada ya kupotea mara mbili, ilifungwa kamba kwenye mguu wa meza, ambako ipo hadi leo.

Tarehe 2 Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Oktoba, akiwa tayari hawezi kupanda ngazi, alisikia kwamba toroli zimepakwa rangi upya, minyororo imetolewa, na funguo zimerudi kwenye droo, akamtaka mumewe ampeleke karakanani. Zilikuwa toroli kumi na nne. Alifunga mnyororo wa kwanza akiwa amesimama, alikaa chini mara tatu kati ya wa pili na wa tisa, na alipofika wa kumi mikono ikamkatalia, ndipo mtunza stoo mpya, ambaye hakuwahi kufanya naye kazi, akaichukua spana bila kuambiwa na kumalizia toroli tano zilizobaki. Marehemu aliivuta minyororo yote, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Sasa nipelekeni nyumbani."

Wiki ya mwisho aliwekewa oksijeni wodini, na siku aliyopata nguvu ya kuzungumza hakuuliza kuhusu dawa, aliuliza ufunguo wa mtungi ule uko wapi. Muuguzi aliutoa mfukoni, akaufunga kwa kipande cha bendeji kwenye shingo ya mtungi, na mgonjwa akafumba macho akapumzika. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mumewe na watoto wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi minane na siku ishirini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa bendeji, majirani waliotuletea maji na viti kabla hatujaomba, na Babu Tochi, aliyefika leo kabla ya wote. Inawashukuru pia mafundi, ambao jana walikuja na ufunguo wa toroli namba sita, wakaomba azikwe nao. Mumewe aliushika kwa muda mrefu, akawashukuru, kisha akawarudishia, kwa sababu kesho saa moja na nusu asubuhi mtu atawasha moto kwenye toroli ile. Leo asubuhi mtunza stoo alimpigia simu kumwambia kwamba ufunguo uko kwenye valvu na mnyororo ameuvuta.

Mama Mnyororo, umesikia, ufunguo uko mahali pake. Pumzika sasa, kwa amani.